Taa ya Kijani Juu ya Kontena

Shimanzi, 6 Machi 2024

Nekesa mama,

Hujambo huko Nairobi? Kikohozi kimekwisha? Mimi mzima, ila goti linanung'unika kila nikipanda ngazi, na tumbo siku hizi hunitangulia kazini kama bosi.

Tangu tumzike mama yako, miaka miwili, kila Jumanne unaileta ndege Mombasa, unakaa dakika arubaini, unarudi. Sikulaumu. Nimezoea kukuona nikiwa huku chini. Ila jana nilipata akili. Ile tochi ya leza ninayomwonyeshea dereva wa kreni kontena la kushusha, nilipanda nayo juu ya makontena jioni, nikakupungia ulipopita. Uliuona mwanga wa kijani? Ni mimi huyo.

Baba yako,
Dishon

Nairobi, 11 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Nimepona. Barua yako nimekaa nayo siku tatu.

Niliuona. Kwako ni kitone, lakini kikifika juu kimeshatanuka. Chumba chote cha marubani kiligeuka kijani, Kapteni Griffins asione kitu. Nilishika usukani mimi, tukapaa tena bila kutua. Baadaye nikaandika ripoti kwa mkono wangu: mwanga umetoka Shimanzi. Polisi wanamtafuta mtu huyo. Ni kosa la jinai, Baba, watu hufungwa. Nikiulizwa kama namjua, siwezi kudanganya. Nakusihi, nenda mwenyewe.

Binti yako,
Nekesa

Shimanzi, 2 Aprili 2024

Nekesa mama,

Unalala vizuri? Mimi mzima, ila nimekuwa mtu maarufu. Nilikwenda kituoni na tochi nimeifunga kwenye gazeti kama mkate. Sajini akaniuliza kama nilitaka kuangusha ndege. Nikamwambia, "Nilikuwa namsalimia mtoto." Akaacha kuandika, akanitazama, kisha akaendelea kuandika.

Niko nje kwa dhamana. Kesi ni Alhamisi, tarehe kumi na nane. Wakili wangu, Bi Mejumaa, anasema nikikubali kosa huenda nikapigwa faini tu. Nikikana, wataita mashahidi, na nikishindwa ni jela. Nikamwuliza mashahidi ni kina nani. Akasoma: rubani msaidizi.

Ni wewe, mama. Utashuka, utalala Mombasa hata siku mbili. Usinicheke. Nimemwambia nitakana.

Baba yako

Nairobi, 9 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Sijacheka. Nililia, kisha nikakasirika.

Nikija kama shahidi nitaapa, nikunyooshee kidole, na nitakatazwa hata kuzungumza nawe kabla. Ndivyo unavyotaka tuonane?

Na mimi nina kosa la kukubali. Si kazi iliyonizuia. Likizo nilikuwa nazo. Niliiogopa nyumba isiyo na sauti ya Mama, nikakuachia uiogope peke yako.

Kubali kosa, Baba. Nimeomba ruhusa ya wiki nzima, nafika kwa treni Jumatano, siku moja kabla ya kesi. Alhamisi nitakaa benchi lililo nyuma yako. Hakimu akikuuliza kama una mtu, sogea kidogo pembeni, anione.

Binti yako,
Nekesa