Leo Wageni ni Wako, Yaritza

Yaritza mwanangu,

Usishtuke, baba yako yu hai. Tunampeleka zahanati kwa gari la jirani yetu, don Chago.

~~Waambie wageni safari hakuna.~~ Hapana. Wapeleke wewe. Ila usiwatoe nje ya ghuba, maana upepo umegeuka na kule kwenye mwamba wa nje mkondo unavuta vibaya. Kila mmoja ajaribu kwanza miwani na mrija wa kupumulia pale maji yanapofika kiunoni. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuelea, hata akinuna. Waogelee wawili wawili, na mtu asiguse matumbawe.

Wawili wawili! Baba yako huyaimba hayo kila siku, na asubuhi hii kaenda peke yake kukagua boya. Msuli wa mguu ukamkaza, akanywa maji ya chumvi, don Chago akamvuta kwa kola ya shati. Nikamuuliza, "Kwa nini hukumwamsha Yaritza?" Akanijibu, "Yule bado mtoto." Mtoto wa miaka ishirini na minne! Nilitamani nimrudishe majini.

Naandika mbiombio, utanisamehe mwandiko. Pastelillo, zile sambusa zetu za nyama ya kaa, nimezifunika jikoni, kula kabla hujatoka.

Nimerudi tena toka mlangoni: maji ya kunywa usisahau, jua la leo ni kali.

Don Chago anapiga honi. Baba yako naye anapaza sauti kutoka garini, "Mwandikie asiende!"

Sijamsikia.

Mami