Maji Meusi Shambani kwa Kabula

Jumatatu, 11 Novemba

Ndoo ya tatu ya maji meusi. Mgongo unauma. Unga huu wa makaa ya mawe hauyeyuki haraka; ukiacha kukoroga unatulia chini kama tope. Mwalimu wa mafunzo, kule ofisi ya kata, alisema ni makaa yaliyozeeka ardhini, hayafai tena kuchomwa, ila yana asidi ya humiki inayofufua udongo. Udongo wetu hapa Samuye umechoka kweli. Pamba miaka yote hiyo, sasa umebaki mchanga.

Mafunzo yalikuwa siku mbili. Ya pili sikwenda, mwanangu Shija alikuwa na malaria. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 14 Novemba

Kabula kaja na jembe lake. Ni dada wa marehemu mume wangu. Ndoa yake ilivunjika mwaka jana, akarudi nyumbani na watoto watatu, akapewa kipande cha shamba jirani na changu. Nimemwonyesha kukoroga. Ananisikiliza kama mwanafunzi. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunisikiliza hivyo.

Kauliza, "Na samadi, wifi?"

Nikamwambia haina haja, maji haya yanatosha.

"Basi chukua wewe ile ya kwangu, isikae bure."

Mikokoteni minne. Nimeimwaga yote shambani kwangu. Kama haina haja, mbona nimeimwaga? Nimejiambia ni mazoea tu.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua nzuri. Tumepanda pamoja, kwake asubuhi, kwangu mchana. Kabula kaimba siku nzima. Sauti yake mbaya. Tumecheka.

Jumanne, 7 Januari

Mahindi yangu yamefika kiunoni. Ya Kabula gotini, majani ya chini ya njano. Kamwagilia tena maji meusi, mara ya tatu sasa. Anadhani alikosea vipimo.

Sijui la kumwambia. Namwambia avumilie.

Jumatatu, 20 Januari

Bwana shamba kapita. Kang'oa mche mmoja kwa Kabula, kaitazama mizizi.

"Humiki siyo chakula, mama. Inashika chakula kilichopo, na maji, visipotelee mchangani. Hapa hapakuwa na cha kushika. Samadi iko wapi?"

Hayo, kasema, yalifundishwa siku ya pili ya mafunzo.

Kabula kajibu, "Wifi ndiye aliyenifundisha."

Wakanigeukia wote wawili. Nikasema labda hakunielewa vizuri.

Kabula kainama, kaendelea kupalilia.

Mimi ni mwongo.

Jumatano, 5 Februari

Mvua imekata. Kwangu udongo bado una unyevu ukichimba kwa kidole. Kwake majani yamejikunja. Kuongeza samadi sasa ni kazi bure, bwana shamba alishasema.

Nimemsalimia asubuhi, mwangaluka. Kaitika bila kuinua kichwa. Kila siku naamka nimepania kusema. Sisemi. Naona aibu, na aibu inazidi kadiri ninavyochelewa.

Ijumaa, 21 Februari

Kabula kaondoka. Kaenda Katoro kupikia wachimbaji wa dhahabu. Watoto kawaacha kwa mama yake, mama mkwe wangu. Habari nimezipata kwa mama mkwe, siyo kwake.

Mtoto wake wa mwisho, Nkamba, ana miaka minne. Kaniuliza mama yake anarudi lini. Nikamwambia karibuni.

Sikula leo.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda Katoro. Pikipiki, vumbi, kelele. Nimemkuta Kabula nyuma ya masufuria, kakonda, mikono ina alama za moto. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama, kabla hajanikaribisha. Kwamba siku ya pili sikwenda. Kwamba sikujua. Kwamba mbele ya bwana shamba nilimtwisha kosa langu.

Kageuza chapati.

"Nilijua siku ile ile aliyokuja bwana shamba. Ungesema tu hujui, wifi. Tungeuliza wote."

Nimelia mbele ya wateja. Yeye hakulia. Nikamwomba arudi, msimu ujao samadi nitabeba mwenyewe. Kasema kulima basi. Watoto atawachukua akipata chumba kikubwa.

Kaniwekea wali na maharage. "Kula, njia ndefu."

Hakuniambia kama kanisamehe. Sikuuliza.

Jumatatu, 19 Mei

Nimepukuchua mahindi tangu asubuhi. Magunia matatu nimepeleka kwa mama mkwe, ya watoto. Kauliza habari za Kabula. Nimesema hajambo.

Jioni nimepita shambani kwake. Mabua mafupi, ng'ombe wa jirani wameshayala nusu. Nimekaa kidogo pembeni. Kisha nikarudi nyumbani kupika.