Kucha za Jackie, Mkono wa Kulia

Ruiru,
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa dada Ndunge,

Habari ya Doha? Joto limepungua ama bado linakuchoma? Na mgongo wako, ulienda kuonwa na daktari? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu imekataa kuisha, mpaka sasa ninaandika nikiwa na sweta mbili. Mama alipiga simu Alhamisi, yuko sawa, isipokuwa analalamika kwamba humpigii.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi, nimpe Kyengo akija huko wiki ijayo. Mambo ya Jackie siwezi kuyasema kwa simu na yeye yuko chumba cha pili anasikia.

Unakumbuka nilivyolia Desemba, wiki mbili tu baada ya harusi yangu na Kahiga, kwa vile Jackie hakutaka kuongea nami? Basi mtoto wa Kahiga aliendelea vivyo hivyo. Hanitukani, hanikosei adabu. Anakula, anaosha vyombo, anajifungia chumbani. Shule zilipofungwa nikasema hizi wiki tatu zitanimaliza.

Halafu ukanitumia ile video ya kupaka kucha kwa maji, unadondosha rangi kikombeni halafu unazamisha kidole, ukaniambia nijaribu nipunguze mawazo. Nilinunua rangi mbili hapa sokoni, nyeupe na ya bluu. Jana Kahiga alikuwa kazini Thika, Jackie ameenda mazoezi ya kwaya, nikajaza kikombe maji ya tangi nikaanza. Dada, tone la kwanza lilizama mpaka chini kama shanga. La pili likagandana. Nikafikiri shida ni rangi zangu, na juu ya kabati kulikuwa na mkebe wa biskuti wenye chupa za rangi. Nikachukua ya zambarau bila kufikiria ni ya nani.

Jackie akarudi mapema. Alisimama mlangoni akaangalia ile chupa.

“Hiyo ni ya Mum.”

Marehemu Waceke, mama yake, alikuwa na saluni Thika, hilo nilijua, lakini sikujua kwamba alichoacha ni kile kimkebe. Jackie alichukua chupa, akaifuta kwa sketi yake, akabeba mkebe akaingia chumbani. Nilimfuata mpaka mlangoni nikamwambia, “Jackie, nimekosa. Ningekuuliza kwanza.” Nikarudi mezani, vidole vyangu vimechafuka kama vya mtu aliyemenya ndizi za kupika, nikaanza kupanguza.

Nilikuwa karibu kumwaga yale maji aliporudi, na mkebe mkononi.

“Kwani ulitumia maji ya tangi? Ni baridi sana, ndiyo maana inazama.”

Akaweka birika motoni, akachanganya maji mpaka yakawa vuguvugu. Ile ya zambarau ilikuwa nzito, akaisugua katikati ya viganja mpaka ikalainika. Akadondosha tone karibu kabisa na maji, likatanda lote juu. Nyeupe ndani yake, halafu bluu, halafu zambarau tena, duara ndani ya duara. Akavuta kwa kijiti cha meno, ikawa kama ua. “Ingiza kidole haraka, itakauka!” Alinishika mkono, dada. Akanizamishia kidole kimoja kimoja, akiondoa utando uliobaki juu ya maji kabla sijakitoa.

Akajipaka mkono wake wa kushoto, ukatoka vizuri ajabu. Kisha akakaa tu akiuangalia ule wa kulia. Akaniambia, taratibu, kwamba huo alikuwa anapakwa na mama yake, kwa sababu kwa mkono wa kushoto hawezi.

Akaunyoosha kwangu. “Nifanyie.”

Nikadondosha rangi upya, nikamzamishia vidole. Kidole gumba kilitoka na makunyanzi, nikataka kukifuta nirudie, akakataa. Tukakaa na vidole tumevitandaza mezani vikauke, na hapo ndipo alipoanza kuniambia habari za Waceke: jinsi alivyocheka, jinsi wateja walivyomngoja hata akichelewa, jinsi miezi ya mwisho, kabla hajalazwa, Jackie ndiye aliyempaka yeye. Nilisikiliza tu. Nililia kidogo, naye akalia, na hakuna aliyeweza kujipangusa.

Kahiga akaingia, akaona mkebe uko wazi mezani. Alienda jikoni, akakaa huko muda mrefu, akatoka na chai.

“Baba, tuwekee sukari na utukorogee,” Jackie akamwambia. “Sisi mikono haifanyi kazi.”

Alisema sisi, dada. Hilo ndilo nililotaka ulijue kuliko yote.

Msalimie Muema na umbusu Lynn mashavu yote mawili. Kahiga anakusalimu, na Jackie anauliza kama huko rangi ya dhahabu inapatikana. Mungu awalinde kazini na nyumbani, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Kaluki