Akiror Aliyekwenda Mombasa

KITUO CHA POLISI, MALABA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jambo: Pasi ya reli kutumiwa na mtu asiyehusika
Tarehe: 18 Januari 1966, saa tano na nusu asubuhi
Jina: Akiror, mke wa Olinga
Umri: Miaka thelathini na minne hivi
Kazi: Mkulima
Makao: Amagoro, maili mbili kutoka stesheni ya Malaba

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Haya ni maelezo yangu ya pili. Ya kwanza niliyatoa leo hii hii, saa tatu asubuhi, mbele ya Koplo Mbarak, nikasema kwamba mwezi wa Desemba nilikwenda Mombasa na mume wangu. Sikwenda. Bahari sijaiona maishani mwangu. Sasa naeleza yaliyo kweli na hakuna mtu aliyenilazimisha.

Mume wangu ni Olinga, mfanyakazi wa reli hapa Malaba, katika kikosi cha kutengeneza njia. Alinioa mwaka 1949 kwa ng'ombe kumi na mmoja, na kanisani pia. Mwaka 1961 akaoa mke wa pili, Akurut, ambaye kwao ni ng'ambo, upande wa Tororo. Ofisi ya Olinga inaandika mke mmoja tu kwa kila mfanyakazi, na aliyeandikwa ni mimi. Akurut alipokuja hakuandikwa, na kusema kweli jambo hilo lilinifurahisha. Yeye alikuwa na sauti nzuri na shingo ndefu, mimi nilikuwa kwenye kitabu.

Mfanyakazi akifika likizo yake ndefu hupewa pasi ya kusafiri bure kwa treni, yeye na mke aliyeandikwa. Olinga aliingoja pasi hiyo miaka mitatu, na miaka yote hiyo aliniambia kwamba tutakwenda Mombasa tukaone maji yasiyo na ng'ambo. Mwezi wa Novemba mwaka jana pasi ilitoka. Aliileta nyumbani akanisomea: Olinga, na mke wake Akiror. Nikamwambia aisome tena, akaisoma.

Mnamo tarehe 6 Desemba 1965, siku ya Jumatatu, kama saa kumi jioni, Olinga alikuja jikoni kwangu akasimama mlangoni bila kuingia. Akasema pamba imepasuka shambani na haiwezi kungoja. Akasema Akurut hajui kuchuma pamba, anaichuma pamoja na majani yake, na kule sokoni itakataliwa. Hayo ni kweli, Akurut huchuma pamba kama mtu anayefukuza nzi. Basi nikaelewa mambo yamekwendaje: anayejua kazi abaki, asiyejua kazi aende kutembea. Nilimuuliza pasi ina jina la nani.

Akanijibu, "Karatasi haina sura, Akiror."

Walipanda treni tarehe 8 Desemba. Kuku wa safari niliwakaangia mimi, kwa sababu mimi ndiye mke mkubwa na ingekuwa aibu mume asafiri mikono mitupu. Nilimchagua yule kuku mwembamba kuliko wote.

Mnamo tarehe 11 Desemba, Jumamosi, alfajiri, binti yangu Aluka, mwenye miaka mitatu, alishikwa na homa kali, macho yakageuka juu. Nilimfunga mgongoni nikaenda naye kwa miguu mpaka dispensari, maili nne, na mvua ilikuwa inanyesha. Nilifika kama saa mbili. Karani aliniuliza jina, nikasema Akiror, mke wa Olinga wa reli, akaandika kwenye kitabu. Sikufikiri kwamba saa ile ile kuna Akiror mwingine Mombasa. Nililala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto siku mbili. Kuna wakati aliacha kulia kabisa, nikamtikisa mpaka akalia tena. Siku ya Jumatatu homa ilishuka nikarudi naye nyumbani, nikaendelea na pamba.

Walirudi tarehe 20 Desemba. Akurut alishuka na viatu vya plastiki na kikapu cha madafu. Mimi aliniletea leso. Watu wa Pwani wanajua leso huuzwa mbili mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Akurut alizikata, moja akanipa mimi na moja akabaki nayo. Olinga alipoona akasema ni vizuri, tumefanana.

Tangu siku hiyo watu hawakukatika bomani petu. Majirani walikaa kuzunguka chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, kila mtu na mrija wake, wakamwambia Akurut awaeleze. Naye akaeleza, kila siku upya. Kwamba walifikia kwa rafiki ya Olinga katika nyumba za reli. Kwamba asubuhi walikula mahamri na mbaazi za nazi. Kwamba walitembea chini ya pembe kubwa za bati zilizosimamishwa juu ya barabara, wakaingia ile ngome ya Wareno, wakaona mizinga. Kwamba huko Likoni walipanda feri, wakavuka, wakarudi, wakavuka tena bila kuwa na shughuli yoyote upande wa pili, kwa kupenda tu. Kwamba kuna muhogo unaokaangwa mwembamba na kutiwa pilipili na ndimu, na watu wazima hula njiani bila haya. Kwamba aliingia baharini mpaka magotini na Olinga alimshika mkono asianguke.

Mimi Olinga hajawahi kunishika mkono. Tulipovuka mto Malaba umejaa, mwaka 1953, nikiwa na mimba ya Emojong, alitangulia mbele akaniambia nifuate anapokanyaga.

Pia walikwenda studio wakapigwa picha mbele ya pazia lililochorwa eropleni. Nyuma ya picha mpiga picha aliandika majina, na kwa kuwa Olinga alikuwa ameanza kumwita Akurut kwa jina la pasi hakuweza kulibadilisha. Imeandikwa Olinga na Akiror, Mombasa. Picha hiyo iko ukutani kwa Akurut.

Nilikuwa na wivu. Koplo Mbarak amesema maelezo ya polisi hayahitaji habari za wivu. Nimemwambia aandike hivyo hivyo, kwa sababu bila wivu mimi sina maelezo. Nilikuwa na wivu asubuhi, nikawa nao shambani, nikaoga nao. Akurut alipocheka nilihisi anacheka kwa meno yangu.

Mnamo tarehe 12 Januari 1966 Olinga aliitwa ofisini. Mwenzake wa kikosi, Okwara, ambaye mkewe alilazwa dispensari siku zile zile, alikuwa amenikuta pale tarehe 12 Desemba tukasalimiana. Yeye Okwara alinyimwa likizo mwaka jana. Alikwenda akasema kwamba Akiror wa Olinga ana miili miwili. Ofisi ikaleta jambo hilo kwa polisi, nami nikaambiwa nifike hapa leo.

Kuanzia tarehe 15 Januari mpaka jana, kila jioni, Olinga alituketisha wote wawili nyumbani kwangu. Alisema akipatikana na kosa atafukuzwa kazi, na Emojong, mtoto wetu wa kwanza, atatoka shule. Kwa hiyo tuseme hivi: aliyesafiri ni Akiror mwenyewe, na aliyempeleka mtoto dispensari ni Akurut, ambaye aliandikisha jina langu kwa sababu mtoto ni wangu. Alilipanga vizuri. Olinga ni mtu wa kupanga reli.

Nilikubali. Emojong ni mtoto wangu, si wa Akurut.

Basi Akurut akanifundisha Mombasa. Alikaa mbele yangu kama mwalimu, akaniuliza, nikajibu, nikikosea akanirudisha. Nilisema bahari inatiririka kwenda upande wa jua. Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema, "Dada, haitiririki. Inakuja na kurudi, haina mahali inakwenda." Alinifundisha kwamba maji ni ya chumvi na yakiingia machoni yanawasha. Alinifundisha jina la feri, na namna ya kushika dafu lisikumwagikie kifuani. Alifundisha kwa moyo mmoja, siwezi kusema uongo juu ya hilo. Nadhani alipenda kwenda tena. Kila alichonipa nilikuwa nakitaka na kumchukia kwa kuwa nacho.

Jana, baada ya somo, Olinga aliniambia nisihuzunike, likizo nyingine ni zamu yangu. Nikamuuliza, "Nitakwenda kwa jina la nani? Langu limeshakwenda." Alichukua kofia yake akatoka.

Leo asubuhi saa mbili tulifika hapa sote watatu. Niliitwa ndani kwanza. Koplo Mbarak aliniuliza, nami nikaeleza yote kama nilivyofundishwa. Sikukosea hata mahali pamoja. Koplo kwao ni Mombasa, na nilipofika kwenye muhogo wa pilipili aliweka kalamu chini. Aliniuliza kama muuzaji alikuwa mama mmoja mnene karibu na feri. Nikasema ndiye. Aliniuliza kama upepo wa jioni ulikuwepo. Nikasema ulikuwepo, na ulinipeperushia leso mpaka Olinga akakimbia kuiokota. Hilo sikufundishwa na mtu. Nilijiongezea mwenyewe, na nilipolisema niliona kabisa Olinga akikimbia.

Nakiri kwamba wakati huo nilifurahi. Kwa muda kama wa nusu saa nilikuwa nimekwenda.

Koplo alipomaliza kuandika aliniambia nimebahatika. Alisema yeye ana miaka tisa katika kazi hii na hajaweza kumpeleka mke wake kutembea popote, na kwamba wanaume wanaowapeleka wake zao baharini ni wachache. Niliinama tu. Hayo niliyavumilia, ingawa pongezi zilikuwa za mtu mwingine na nilizipokea kama mwizi.

Halafu akaanza kunisomea karatasi ili niweke kidole. Alipofika mahali pa tarehe 11 Desemba akasoma kwamba mtoto wangu Aluka aliugua nikiwa safarini, na kwamba Akurut alimbeba mgongoni maili nne katika mvua, akalala naye sakafuni siku mbili. Akaacha kusoma akanitazama.

Akasema, "Mama, huyu mwenzako ana moyo. Wewe uko baharini, yeye amekuokolea mtoto. Umshukuru."

Nikamwambia, "Chana."

Alidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia tena achane karatasi hiyo. Mombasa achukue Akurut. Ngome, feri, madafu, kushikwa mkono, vyote ni vyake, alivifanya kweli na mimi nilimuonea wivu kweli. Lakini mtoto nilimbeba mimi. Mgongo uliolowa ni huu. Niliyemtikisa alipoacha kulia ni mimi, na Akurut siku hiyo alikuwa anakula mahamri. Hawezi kupata bahari na apate na hiyo pia.

Koplo alinieleza kwamba nikibadilisha maneno, Olinga ataingia matatani na kazi huenda ikaisha. Nimeelewa. Ameniuliza kama nimefikiria habari ya Emojong. Nimemfikiria, na nitachuma pamba ya watu mpaka Bumala kama ni lazima, lakini najua huenda isitoshe, na najua Emojong ataniuliza kwa nini. Sina jibu zuri la kumpa mtoto wa miaka kumi na mbili. Ameniuliza pia kama nafanya haya ili kumkomoa mume wangu. Nimesema kidogo ndiyo. Asubuhi hii nikitoka nyumbani sikuwa na nia hiyo.

Sidai chochote kwa reli. Naomba tu iandikwe katika karatasi ya serikali kwamba Akiror, mke wa Olinga, tarehe 11 Desemba 1965 alikuwa dispensari na mtoto wake.

Olinga na Akurut wamekaa nje kwenye benchi wananingoja. Wanadhani mambo yamekwenda vizuri.

Nimemaliza. Haya nimeyasema mimi, kwa kinywa changu na kwa jina langu, na mara hii jina ni langu kweli.

Alama ya kidole gumba cha kulia: (Akiror, mke wa Olinga)

Maneno ya ofisa: Maelezo haya yameandikwa nami hapa Malaba na kusomwa kwa shahidi kwa Kiswahili, na sehemu nyingine kwa Kiteso kwa msaada wa Konstebo Emukule. Shahidi amekubali kwamba ni sawa, na ameweka kidole mbele yangu saa saba kasorobo mchana. Maelezo ya kwanza, kurasa mbili, sikuyachana kama alivyotaka. Yamefutwa kwa mstari na kuambatanishwa. Olinga ameitwa ndani kwa mahojiano. Kabla ya kuondoka, shahidi aliuliza kama zile kurasa mbili bado ninazo, akaniomba nimsomee tena mahali pa upepo na leso. Nilimsomea.

E. Mbarak, Koplo