Kompyuta Imemtaja Mvamizi

Shoga, nimejifungia chooni kazini. Nimemuumbua bosi mbele ya wageni. Nimemuumbua!

Unajua miezi minane nimekaa naifundisha ile kompyuta kuelewa habari za vita, sentensi kwa sentensi: nani kavamia, nani kaonewa, nini kitafuata. Macho yamekwisha. Leo bosi kasimama na tai yake mbele ya wageni: "Kazi yote hii nimeifanya mwenyewe." MWENYEWE! Na mimi niko palepale nawamiminia chai.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akataka tuijaribu kwa habari mpya. Nikaweka birika chini. "Naomba niandike mimi."

Nikaandika: Nchi ndogo ililima shamba miezi minane. Siku ya mavuno nchi kubwa ikaingia, ikapandisha bendera yake, ikawaambia majirani imelima yenyewe.

Jibu likatokea kwenye skrini kubwa ya ukutani. Bosi akalisoma yeye mwenyewe kwa sauti, meno yote nje: "Mvamizi: nchi kubwa. Kosa: uporaji." Tabasamu likamkauka! Yule mama akanigeukia: "Binti, shamba hilo umelilima wewe?"

"Miezi minane, mama."

Bosi akakimbilia kuzima. Kachelewa! Mstari wa mwisho tuliusoma wote: "Kitakachofuata: nchi ndogo italipiza kisasi."

Sasa yuko nje ya mlango, sauti laini kama si yake, eti tuzungumze. Hata hilo niliifundisha kompyuta: wavamizi wakishazidiwa, huomba mazungumzo.

Mwache agonge.