Kengele ya Bibi Yako

Kwa mke wangu mdogo, mjukuu uliyenikimbia ukasomee umeme,

Sisi wazima. Jino langu la mwisho limeng'oka, kwa hiyo usiogope, siwezi kukuuma. Mke mwenzako, bibi yako, hajambo kidogo.

Ile kengele niliyomfungia kitandani, avute kamba pumzi zikimbana, niliiwekea rilei, ile swichi ya sumaku. Fundi redio mzee kama mimi huamini kinacholia "tak". Kumbe ile sumaku yake hujishikilia kutwa kucha, inanyonya betri. Jumanne alivuta kamba, kengele ikanyamaza. Mimi nilikuwa karakana naimba. Nilipoingia kuomba chai, midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

Alipopata pumzi akasema, "Mzee wewe, unaimba vibaya."

Ulinionya nitumie transista, inayosubiri bila kula betri. Nikakucheka. Nilizokuwa nazo tatu nimeziunguza zote kwa mkono huu unaotetemeka. Njoo uchomelee mwenyewe, mke wangu. Maelezo ya simu mkono hauyasikii.

Kwa sasa kamba nimeifunga kwenye kidole changu cha mguu. Ikivutwa, nitajua. Ninachoogopa ni siku isipovutwa.

Mumeo kibogoyo,
Babu