Vichwa Pangani, Mikia Maramba

Mjukuu wangu, mume wangu Athumani,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Pangani hatujambo. Babu yako goti limepoa, na bado anakuonea wivu.

Unauliza kwa nini mwalimu wenu wa mambo ya kale anataka kila mfupa uandikwe kwa utaratibu uleule wa wachimbaji wote: mnyama gani, kiungo gani, upande gani. Usichanani niliosha mifupa iliyochimbwa hapa magofuni. Ya nguru ilikuwa vichwa vitupu, tukashangaa miili ilikwenda wapi. Siku moja akaja mchimbaji wa Maramba, kule bara, na karatasi zake, zilizoandikwa kama zetu. Kwake nguru walikuwa pingili za mgongo na mikia, kichwa hata kimoja hana. Yeye na msimamizi wetu wakazilaza karatasi mezani pamoja.

"Subhanallah," msimamizi akasema, akakaa.

Mama yangu naye alikata vichwa tukavipika nyumbani, miili akaianika ng'onda ya kuuza Maramba. Kumbe kazi ile ilikuwa ya kale sawa na magofu tuliyoyachimba.

Andika wanavyotaka, mume wangu. Hujui nusu ya samaki wako iko kwa nani.

Bibi yako, Mwanahawa